Tanga na Nanga

Katika nyumba nyingi za mwambao bado ipo rigeleta ya zamani ya pangaboi: kisanduku ukutani chenye kitufe cha kuzungusha na namba chache pembeni. Weka kitufe kwenye namba ya chini, subiri nusu saa, kisha gusa kisanduku. Utakikuta na joto. Joto hilo limelipiwa. Ndani yake mna waya wa ukinzani ambao kazi yake ni kuubana umeme njiani ili feni ipate kidogo, na nguvu inayopotea hapo mita imekwisha kuihesabu. Inageuka fukuto ndani ya chumba kilekile ambacho pangaboi liliwashwa kukipoza. Hasara ya kisanduku kimoja ni ndogo na hakuna familia iliyofilisika kwa ajili yake. Lakini kosa lililomo ndani yake limerudiwa kwenye pampu za miji, feni za viwanda na mitambo ya kupoza ya mahoteli, kwa vipimo ambavyo havifichiki: Shirika la Kimataifa la Nishati lilikadiria mwaka 2011 kwamba mifumo inayoendeshwa na mota hutumia kati ya asilimia 43 na 46 ya umeme wote wa dunia. Namna tunavyozilisha mota, basi, ni karibu nusu ya swali zima la umeme.

Nahodha wa jahazi akitaka kupunguza mwendo hutua tanga. Hayupo anayeliacha tanga lijae upepo wote kisha akatupa nanga imkokote, ati ndipo aende polepole. Kwenye mota tumekuwa tukitupa nanga. Mota inapewa umeme wote, inazunguka kwa kasi yake yote, halafu mbele ya pampu inafungwa valvu nusu ili maji yapungue, au mbele ya feni linawekwa bamba la kuziba hewa. Dai langu ni kwamba mahali pa kuidhibiti mota ni kabla ya umeme kuingia ndani yake, kila penye mzigo unaobadilika, na kwamba faida iliyopo hapo inapita kwa mbali ile inayopatikana kwa kununua mota bora zaidi. Waliotupa nanga hawakuwa wajinga. Kwa muda mrefu hawakuwa na tanga la kutua, na ni haki tuanze na sababu yao.

Mota iliyoitawala dunia ni ya mkondo geu. Galileo Ferraris wa Torino, Italia, aliitangaza kanuni yake mwaka 1888. Mei ya mwaka huohuo Nikola Tesla akapewa hataza zake Marekani. Na mwaka uliofuata Mikhail Dolivo-Dobrovolsky, mhandisi wa AEG nchini Ujerumani, akaunda mota ya njia tatu yenye rota iliyofumwa mfano wa tundu la ndege. Hiyo ndiyo babu wa mota nyingi za viwandani leo. Uzuri wake uko katika kile mhandisi huyo alichokiondoa. Rota haiungwi na waya wowote wala haisuguliwi na brashi. Koili zilizotulia pembeni hulishwa na nyaya tatu ambazo mikondo yake hupanda na kushuka kwa kupokezana, na kupokezana huko huzaa uga wa sumaku unaozunguka. Rota huufuata uga huo kwa nyuma kidogo. Umeme wa gridi zetu za Afrika Mashariki hukamilisha mizunguko 50 kila sekunde, yaani hezi 50, na katika mota yenye ncha nne za sumaku uga huzunguka mara 1500 kwa dakika; rota, ikichelewa kidogo, huenda kama mara 1450. Kuchelewa huko ni kwa lazima. Rota ikiufikia uga, hakuna tena kinachokatiza ndani yake, mkondo wake unakufa, na nguvu inakwisha.

Ukilielewa hilo, umeielewa pia inda ya mota hii. Kasi yake imefungwa kwenye hezi za gridi, na hezi za gridi zimefungwa kwenye turbini za mabwawa na mitambo ya gesi. Mashine ya kusaga ya Mbagala na turbini ya bwawa la Kidatu huenda kwa mdundo mmoja. Mwenye mashine hana mkono juu ya mdundo huo. Akijaribu kupunguza volti peke yake, kasi haishuki kwa maana yoyote hadi mota inapokaribia kushindwa mzigo, na wakati huo inachemka. Fundi wa mwaka 1930 aliyefunga valvu nusu kwenye bomba la pampu alikuwa ameishiwa njia nyingine. Mota yake ilijua kasi moja tu, na kilichobaki kwake kilikuwa kuyapinga maji.

Hata hivyo haja ya kutawala kasi ilikuwa kubwa kiasi kwamba watu waliinunua kwa bei isiyo na huruma. Mwaka 1891 Mmarekani Harry Ward Leonard alibuni mpango wa mashine tatu: mota inazungusha jenereta, jenereta inailisha mota ya pili ya mkondo mnyoofu, na mwendeshaji anaigusa jenereta hiyo kwa kitufe kidogo kuongeza au kupunguza volti zinazotoka. Mashine tatu kufanya kazi ya moja, kila moja ikikata fungu lake la hasara. Lakini kasi ilipanda na kushuka laini kama maji, na kwa sehemu kubwa ya karne ya ishirini lifti za maghorofa, winchi za migodini na viwanda vya kufinyanga chuma viliulipia mpango huo bila kunung'unika. Kwangu huu ni ushahidi mzito. Penye kazi isiyovumilia nanga, wahandisi walijua tangu mwanzo kwamba udhibiti hukaa upande wa chanzo, wakakubali kununua mashine mara tatu ili waupate.

Reli zinatupa ushahidi wa pili. Mota ya mkondo mnyoofu ina brashi za kaboni zinazochakaa, zinatoa cheche na kudai kubadilishwa, lakini ilikuwa tiifu: ongeza volti inaongeza mwendo, punguza inapunguza. Ndiyo maana treni za Shinkansen zilizoanza kukimbia Japani mwaka 1964 zilichukua mkondo geu wa volti 25,000 kutoka kwenye waya wa juu, zikaugeuza kuwa mnyoofu ndani ya behewa, kisha zikailisha mota ya brashi. Mota ya Dolivo-Dobrovolsky ilikuwa na umri wa miaka 75 wakati huo, nyepesi zaidi, ya bei nafuu zaidi, isiyo na cha kuchakaa isipokuwa beringi, na bado haikuweza kupanda treni ya kasi kuliko zote. Ilikosa wa kuilisha. Iliingia Shinkansen mwaka 1992, kwa treni za aina ya 300, baada ya vifaa vya kugeuza hezi kuwa vidogo vya kutosha kubebwa chini ya behewa. Treni za umeme zilizoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, na kufika Dodoma mwezi uliofuata, zinapita chini ya waya wa volti 25,000 wa hezi 50. Zimezaliwa katika zama ambazo swali hilo limekwisha kujibiwa.

Jibu lenyewe ni swichi, na linahitaji kuelezwa bila haraka kwa sababu ndipo rigeleta ya pangaboi inapoachwa nyuma. Nguvu inayopotea ndani ya kifaa chochote ni volti zilizo juu yake mara ampea zinazopita ndani yake. Rizista huishi katikati: ina volti, ina ampea, kwa hiyo ina joto. Swichi iliyozimwa ina volti zote lakini haipitishi ampea, na swichi iliyowashwa inapitisha ampea zote lakini karibu haina volti juu yake. Katika hali zote mbili zao la mara ni karibu na sifuri. Basi ukitaka mota ipate nusu ya volti, usiubane umeme. Uwashe na kuuzima maelfu ya mara kwa sekunde, nusu ya muda ukiwaka na nusu ukizimwa. Koili ya mota haiwezi kufuata mapigo ya haraka hivyo, maana mkondo ndani ya koili hukataa kubadilika ghafla. Inaona wastani tu, kama gurudumu la cherehani ya miguu linavyozunguka mfululizo ingawa mguu unakanyaga kwa vipindi. Ukiurefusha na kuufupisha muda wa kuwaka kwa mpangilio, wastani huo unapanda na kushuka na kuchora wimbi la hezi unazozitaka, ziwe 50, 30 au 7.

Kifaa kinachofanya hivyo mafundi wetu hukiita inveta, na wengine kwa herufi zake, VFD. Ni ndugu wa inveta ya sola. Umeme wa gridi unaingia kwenye daraja la dayodi na kuwa mkondo mnyoofu. Kwa gridi ya volti 400 za njia tatu unafika kama volti 560. Kapasita kubwa zinautuliza. Kisha transista sita zinazofanya kazi ya swichi, mbili kwa kila njia, zinaukata upya kuwa njia tatu mpya ambazo hazina deni tena kwa mdundo wa Kidatu. Swichi iitwayo thairista, iliyotoka kampuni ya General Electric mwaka 1957, ndiyo iliyofungua mlango, Danfoss ya Denmark ikaanza kuzalisha inveta za mota kwa wingi mwaka 1968, na transista ya aina ya IGBT, iliyokomaa katika miaka ya 1980, ikazishusha kutoka ukubwa wa kabati hadi ukubwa wa kitabu. Liko sharti moja ambalo fundi hapaswi kulisahau: volti na hezi zishuke pamoja. Mota ya volti 400 kwa hezi 50 inataka volti nane kwa kila hezi. Ukiipeleka hezi 25 ipe volti 200. Ukiziacha volti juu huku hezi zikishuka, chuma chake kinashiba sumaku, mkondo unafura, na koili zinaungua.

Sasa faida. Kwa feni, na kwa pampu inayosukuma maji dhidi ya msuguano wa mabomba peke yake, wingi wa hewa au maji hufuata kasi, lakini nguvu inayohitajika hufuata kasi mara tatu kwa yenyewe. Asilimia 80 ya kasi inataka 0.8 mara 0.8 mara 0.8, yaani asilimia 51 ya nguvu. Nusu ya kasi inataka moja ya nane. Chukua feni ya kilowati 10 ya kukausha chai au kupoza ghala, inayofanya kazi saa kumi kwa siku na kuhitajika kwa asilimia 80 tu ya hewa yake. Kwa kasi yote inakula uniti 100. Ukiiziba kwa bamba, matumizi yanashuka kidogo, na kinachobaki kinamalizikia kwenye mvumo wa hewa inayopigana na bamba. Ukiipunguza kwa inveta inakula kama uniti 51, na ukiongeza asilimia tatu au nne inazopoteza inveta yenyewe, hujafika 54. Linganisha na kununua mota bora. Kwa mota ya kilowati 15 yenye ncha nne, kiwango cha kimataifa cha daraja la chini, IE1, kinadai ufanisi wa asilimia 88.7, daraja la IE3 linadai 92.1. Ni hatua njema, na anayenunua mota mpya achukue IE3. Lakini hizo ni pointi 3.4 zilizowagharimu wahandisi chuma bora na shaba zaidi, mbele ya makumi ya uniti kati ya mia zilizokuwa zikitupwa kwenye bamba.

Kuna wanaojibu kwamba hesabu hii ya mara tatu ni ya vitabuni, na kwa pampu nyingi za hapa kwetu wana haki kubwa. Maji ya miji yetu yanapandishwa milimani. Tuseme pampu inainua maji mita 40 hadi kwenye tangi, na msuguano wa bomba unaongeza mita 10 wakati maji yanapita yote. Ukipunguza maji hadi asilimia 80, msuguano unashuka hadi mita 6.4, lakini mlima haushuki. Nguvu inayotakiwa ni 0.8 mara 46.4 kugawanya kwa 50, yaani kama asilimia 74 ya ile ya mwanzo. Umeokoa robo, na ile nusu ya feni hutaiona hapa. Tena pampu hiyo ikipunguzwa kasi kupita kiasi, inafika mahali shinikizo lake halifikii mita 40, na hapo inazunguka bila kutoa tone, ikiyapasha moto maji yaliyo ndani yake. Anayeuza inveta kwa kuahidi nusu ya bili kwenye kila pampu hasemi kweli. Dai langu halivunjiki kwa hilo, ila linapata mpaka: kabla ya kununua, mlima na msuguano vipimwe kila kimoja peke yake, na robo ya bili ya pampu inayofanya kazi mchana na usiku bado ni fedha nyingi.

Mpaka wa pili ni mzigo usiobadilika. Mashine ya kusaga nafaka ikishiba mahindi inataka kasi yake yote, kutwa nzima. Inveta hapo itapoteza asilimia yake tatu bila kurudisha kitu, isipokuwa faraja ya kuwasha taratibu, maana mota ikiwashwa moja kwa moja huvuta mara tano hadi nane ya mkondo wake wa kawaida na taa za majirani zikafifia. Kwa tatizo hilo stata ya sta-delta ni rahisi zaidi na inatosha. Na pampu iliyonunuliwa kubwa kupita haja, ambayo valvu yake imefungwa nusu tangu siku ya kwanza na haitafunguliwa kamwe, inahitaji gurudumu lake la ndani linalosukuma maji lichongwe lipungue, au puli ibadilishwe kama inaendeshwa kwa mkanda. Dawa ya bei ndogo isidharauliwe kwa sababu haina skrini.

Pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote ni la fundi mwenyewe. Mota ya tundu inaweza kufanya kazi miaka ishirini kwenye vumbi la kiwanda cha katani. Ikiungua, fundi wa mtaani anaisuka upya kwa mkono. Inveta ni sanduku la kapasita zinazozeeka kwa joto, na kanuni inayotumiwa na wahandisi ni kwamba kila nyuzi kumi za ziada zinakata maisha ya kapasita kwa nusu. Umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo unaiua. Mapigo yake makali hutoboa vanishi ya koili za mota za zamani, hasa waya wa kwenda kwenye mota ukiwa mrefu, na mikondo inayopita kwenye beringi huzichimba kwa cheche ndogondogo hadi zianze kunguruma. Haya yote ni kweli. Yana tiba: sanduku lenye kivuli na hewa iliyochujwa, kinga ya volti, kichujio kati ya inveta na mota, beringi zilizokingwa. Tiba hizo zinagharimu, na lazima ziingizwe kwenye hesabu ya kwanza, zisije kama mshtuko wa mwaka wa pili. Hoja ya kwamba fundi wetu hawezi kuitengeneza siikubali. Miaka thelathini iliyopita ingesemwa hivyohivyo juu ya simu ya mkononi, na leo katika kila mji yupo kijana anayebadilisha chipu chini ya lenzi. Kinachotakiwa ni inveta zifike kwenye meza za vyuo vya ufundi, zifunguliwe, ziunguzwe na kutengenezwa, na wanafunzi wasiishie kuzitazama kwenye mchoro.

Upande mwingine wa mambo umekwisha kuamuliwa bila mjadala. Pikipiki za umeme za Kigali na Nairobi zina mota isiyo na brashi ambayo haiwezi kuzunguka hata kidogo bila kontrola yake: vihisi vinaijulisha sumaku ilipo, nayo inachagua koili ya kuiwasha, na mkono wa dereva kwenye akselereta hauushiki umeme wenyewe, unatoa amri tu. Toshiba ya Japani ilianza kuuza viyoyozi vya inveta mwanzoni mwa miaka ya 1980, na leo mteja wa Kariakoo anaviulizia kwa jina hilo. Pampu ya sola ya kijijini hushusha hezi zake wingu likipita ili iendelee kutoa maji kidogo badala ya kusimama. Na treni iliyo kwenye mteremko, au inayokaribia kituo, inaweza kuigeuza mota yake kuwa jenereta kwa kuteremsha hezi chini ya kasi ya rota: nguvu iliyokuwa iishie kwenye pedi za breki kama moto inarudi kwenye waya. Hakuna valvu wala bamba lililowahi kurudisha uniti hata moja.

Kwa hiyo ombi langu kwa mwenye hoteli, meneja wa kiwanda na mhandisi wa maji ni dogo. Nenda kwenye chumba cha mitambo ukiwa na daftari, uandike kwa wiki moja, saa baada ya saa, kila valvu na kila bamba limefungwa kiasi gani huku mota ikinguruma nyuma yake. Pasipobadilika kitu, achana na inveta na uwaite wachongaji wa chuma. Panapopanda na kushuka kila siku, pima mlima, pima msuguano, weka bei ya kivuli na kichujio, kisha nunua. Valvu ile iache wazi.